Kipande cha Mwisho Hupimwa

Mzee wa Maduara alikuwa na raportere mbili, zote za mviringo kamili, na hakuziweka kamwe juu ya meza moja kwa wakati mmoja. Raportere, kwa aliyeisahau, ni kile kifaa cha kupimia pembe ambacho kila mwanafunzi hununuliwa mwaka wa kwanza wa sekondari na kukipoteza mwaka huohuo. Yake ya kwanza ilikuwa ya plastiki, imepasuka ukingoni, na ilihesabu digrii: mzunguko mzima, mia tatu na sitini. Ya pili ilikuwa ya chuma, nzito, ndani ya kisanduku cha mbao. Hiyo aliipata kwa wapimaji wa mgodi, ambao aliwachorea ramani miaka mingi kabla sijamjua. Wapimaji hao hawagawi duara kwa mia tatu na sitini. Huligawa kwa mia nne, na kila sehemu huitwa gradi.

Mimi alinifundisha digrii. Yeye alitumia gradi.

Tofauti si ndogo. Ukitaka kugeuza asilimia kuwa digrii, asilimia moja ni digrii tatu nukta sita, na hiyo nukta sita itakufuata mpaka kitandani. Ukitaka kuigeuza kuwa gradi, asilimia moja ni gradi nne, basi. Asilimia kumi na saba ni sitini na nane. Mtoto wa shule ya msingi anaweza. Siku moja, nikiwa nimefuta hesabu ileile mara tatu, nilimuuliza.

"Papa, juu ya nini miye nateseka na nukta sita, na weye unazidisha tu mara ine?"

"Juu miye nilizeeka," akasema. "We haujazeeka."

Alikuwa mtu wa majibu ya namna hiyo. Hayakuwa ya ukali. Yalikuwa mafupi tu, kama mistari yake.

Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya fotokopi, hatua chache kutoka majengo ya chuo. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi huandika kazi yao ya kumaliza masomo, na kila kazi, hata ikiwa inahusu sala, lazima iwe na duara moja lililokatwa vipande, la kuonyesha wangapi walisema ndiyo na wangapi walikuwa hawako nyumbani. Kompyuta inaweza kulichora. Mama wa fotokopi, mwenye nyumba, alimkumbusha jambo hilo kila asubuhi badala ya kumsalimu.

"Papa, mashini inachora hii yako kwa dakika moja."

"Na ikishachora?"

"Ikishachora, inatoka."

"Inatoka na rangi gani?"

Hapo Mama wa fotokopi aligeukia karatasi zake, kwa sababu mashine zake zote zilitoa nyeusi na nyeupe. Duara la kompyuta lilikuwa zuri sana kwenye kioo: jekundu, kijani, buluu. Likipita kwenye fotokopi, rangi zote zikawa kijivu kimoja, na vipande vitano vikawa kama sahani moja tupu. Ndiyo maana watu walikuja kwa mzee. Alijaza vipande kwa kalamu ya wino, kila kipande na mchoro wake, na kila mchoro ulikuwa na jina. Mistari ya kulala upande iliitwa mvua. Mistari ya kukatana iliitwa mukeka. Nukta ziliitwa mbegu. Kipande kilichoachwa cheupe kilikuwa "ya bure", na hakuruhusu zaidi ya kimoja kwa kila duara, akisema kwamba mtu akiona weupe mwingi atadhani umechoka.

Wanafunzi, na walimu wao, huliita duara hilo camembert, jina la jibini ya Wafaransa. Mzee hakulipenda. "Ulishaikula?" aliuliza kila mmoja aliyelitamka. Hakuna aliyekuwa ameila. "Basi usiniagize kintu haujakula." Mama wa fotokopi alikuwa na dada aliyepika kwa watu wenye nyumba kubwa huko mtaa wa Golf, na siku moja dada huyo alipata camembert ya kweli, ndani ya kisanduku cha mviringo, nusu imeliwa. Mama wa fotokopi aliiweka juu ya meza ya mzee mbele ya wanafunzi wote. Tulingoja. Mzee alikata karatasi, akaiweka chini ya jibini, akazungusha penseli kufuata ukingo, akaondoa jibini, akapima.

"Nusu hii haiko nusu," akasema. "Iko asilimia makumi tano na mbili. Na haiko duara."

Kisha akaila na bukari, ugali wa kwetu, na samaki mkavu, yote, bila kusema kama ilikuwa tamu. Kesho yake alimwambia mwanafunzi wa kwanza aliyetamka neno hilo: "Miye nilishaikula. Sema duara."

Sasa niseme jambo langu, kabla sijaogopa. Mzee alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote. Aliwaambia wateja, aliwaambia wapita njia, alimwambia padri aliyekuja kutoa fotokopi ya ratiba ya misa: "Maduara yote hii, hakuna hata moja ilirudi." Maana yake, hakuna mteja aliyewahi kurudi na kusema kipande hiki si sawa. Ilikuwa kweli. Hakuna lililorudi. Lakini moja lilipaswa kurudi, na hilo nililichora mimi, likiwa na sahihi yake. Kwa miaka minne nilimsikia akisema sentensi hiyo, na kwa miaka minne, kila alipoisema, nilinoa penseli.

Mimi sikusoma chuo. Nilijifunza hesabu peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokipata sokoni. Kilikosa kurasa za mwisho, zile zenye majibu. Nadhani tabia yangu yote inatoka hapo. Nilifanya kila zoezi, na sikujua kamwe kama nimepata. Kwa hiyo nilirudia. Nikirudia mara tatu na jibu likawa moja, nililala. Likiwa tofauti, sikulala. Nilipofika kwenye meza ya mzee nilikuwa nimekuja kutoa fotokopi ya cheti. Nikamwona akigawa duara, nikasimama pale mpaka Mama wa fotokopi akaniuliza kama nimesahau njia ya kwetu. Kesho yake nilirudi na kalamu yangu.

Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza asilimia kumi na mbili na nusu ni digrii ngapi.

"Makumi ine na tano," nikasema.

"Ulijua ao ulihesabu?"

"Nilihesabu, papa. Mara mbili."

"Kaa."

Aliniita mama, kama wazee wa hapa wanavyowaita wasichana, alipokuwa ameridhika. Alipokuwa hajaridhika aliniita mademoiselle, yaani bibie kwa Kifaransa. Katika mwezi wa kwanza sikumbuki kuitwa mama.

Makosa ya watu wengine hayakumkasirisha. Yalimpa maswali. Alikuja kijana mmoja aliyejichorea mwenyewe duara lake, kuhusu wakaaji wa mtaa wake, na akataka mzee amjazie tu mistari. Asilimia arobaini alikuwa ameipima digrii arobaini. Asilimia thelathini, digrii thelathini. Hivyo mpaka mwisho. Vipande vyake vyote vilibanana upande mmoja wa juu, vikala digrii mia, na sehemu iliyobaki ya duara, karibu robo tatu yake, ilikuwa tupu. Mzee aliitazama karatasi muda mrefu.

"Aba bantu bote banakaa huku juu?"

"Ndiyo, papa. Ni mia kwa mia."

"Na huku chini, kunakaa nani?"

Kijana alitazama chini ya duara. Aliona kwa mara ya kwanza, naamini, kwamba kulikuwa na chini.

"Mia ni ya bantu," mzee akamwambia, akimrudishia karatasi. "Duara haijue mia. Duara inajua mia tatu na makumi sita. Kila mutu, mbele ya kuingia mule, unamuzidisha na tatu nukta sita. Hata kama ni shefu."

Alikuwa na sheria tatu, na nilizipenda kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hupenda sheria kama mgonjwa anavyopenda kitanda. Ya kwanza: unaanza juu, pale saa sita, na unaelekea kulia. Ya pili ilihusu digrii inayobaki. Kwa sababu ya nukta sita, mtu akizungusha namba ili zikae vizuri, mara nyingi hesabu inafika mia tatu hamsini na tisa, au inapita na kuwa mia tatu sitini na moja. Digrii hiyo moja ni ya nani? Mimi ilinitesa. Mzee hakusita: ilibebwa na kipande kikubwa.

"Mukubwa njo anabeba. Mudogo, ukimupa digrii moja, umemunenepesha. Bantu batamushangaa. Mukubwa hata hatajua."

Ni sheria nzuri, na ni ya haki, na niliiandika ukutani nyumbani. Lakini saa sita mchana, tulipogawana mkate sisi watatu kwenye baraza, naye aliukata kwa jicho na hakuna vipande viwili vilivyolingana, kile kikubwa kilikuwa chake. Mama wa fotokopi alilalamika kila siku.

"Papa, weye wa digrii, unakata mukate hivi?"

"Mukubwa njo anabeba," akasema, akitafuna.

Sheria ya tatu ilikuwa ya kipande cha mwisho. Mtu akishapima vipande vinne kati ya vitano, cha tano kinajitokeza chenyewe. Duara limefunga, hakuna haja ya kupima. Kila mtu anakiacha hivyo. Mzee alikataa. "Kipande ya mwisho njo mushahidi," alisema. "Bengine bote ulibapanga weye. Yeye alibakia yeye peke. Mupime. Akikosa, kuko mwenye alikula ao mwenye alikuliwa." Kwa hiyo kipande cha mwisho kilipimwa daima, na baada yake duara zima lilipimwa upya kwa kurudi nyuma, kuelekea kushoto, na mtu mwingine. Mimi nilichora, yeye akapima kurudi nyuma. Ndipo aliweka sahihi yake ndogo pembeni, herufi mbili na kistari. Mimi sikusaini. Niliomba mwaka wa kwanza.

"Utasaini siku yako," akasema.

"Siku yangu ni gani?"

"Ikikuya, hautauliza."

Kila duara liliingia kwenye daftari lake la jalada gumu: namba, kichwa cha habari, idadi ya vipande, sahihi. Alihesabu duara moja kuwa digrii moja. Alipofikisha mia tatu na sitini alikuwa amemaliza mzunguko mmoja wa maisha yake, na siku hiyo alinunua Fanta, akainywa peke yake. Nilimkuta karibu na mwisho wa mzunguko wa tatu. Na nyuma kabisa ya daftari kulikuwa na ukurasa aliouandaa siku ya kwanza, wenye safu nne zilizopigwa rula, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: ZENYE KURUDI. Ukurasa huo ulikuwa mtupu. Aliwafungulia wateja wauone utupu wake. Karatasi yake ilikuwa safi kuliko nyingine zote, kwa sababu watu waliitazama tu.

Namba elfu moja na themanini, ya kufunga mzunguko wa tatu, tulichora siku ya Jumanne. Alinunua Fanta mbili. Nilielewa kwamba jambo limetokea.

"Mama," akasema, "muzunguko ya ine tutaichora bawili. Kesho miye naenda kuonesha macho kwa munganga. Ukipata mutu, chora. Hauna lazima unigoje nipime kurudi nyuma."

"Na sahihi?"

"Sahihi nitaacha kwa karatasi. Utachora karibu yake."

Akachukua karatasi tupu tatu, akasaini zote pembeni. Sikulala vizuri.

Aliyekuja kesho yake ni mwanafunzi wa biashara, kijana aliyevaa tai shingoni, mwenye kazi kuhusu samaki wakavu wanaoletwa kutoka Pweto, kule ziwani, na namna wanavyoharibika kabla ya kufika sokoni. Wadudu, asilimia arobaini. Mvua, ishirini na tano. Kuvunjika njiani, kumi na tano. Wizi, kumi na mbili. Mengineyo, nane. Jumla mia. Ilikuwa saa nne asubuhi, alitakiwa kukabidhi saa sita, na alikuwa akitembea barazani huku na huku kama mtu anayesubiri mke wake ajifungue.

Nilitaka duara langu la kwanza la peke yangu liwe zuri kuliko yote. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo sikuwa nimeruhusiwa: nilifungua kisanduku cha mbao, nikatoa raportere ya chuma. Ukingo wake ulikuwa mkali, alama zake nyembamba kama nywele. Nikapiga hesabu kwa uangalifu mkubwa. Arobaini mara tatu nukta sita, mia na arobaini na nne. Ishirini na tano mara tatu nukta sita, tisini. Nikarudia mara tatu. Kila mara jibu lilikuwa moja. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa, ya digrii, na niliipima kwa gradi.

Jicho liliona. Asilimia ishirini na tano ni robo, na robo ya duara husimama wima kama pembe ya chumba. Yangu ilikuwa imelala kidogo. Nililiambia jicho linyamaze. Kijana alikuwa akipumua juu ya bega langu. Nilipofika kwenye Mengineyo, duara lilijifunga lenyewe, na kipande kilichobaki kilikuwa kipana. Nilikuwa na raportere mkononi. Ilikuwa kazi ya sekunde tano kukipima.

Sikukipima. Mimi, ninayehesabu ngazi za nyumba kila ninapopanda nikihofia kwamba moja imeongezwa, sikukipima. Na si kwa sababu ya kijana, wala saa. Sikukipima kwa sababu niliogopa nitakachokikuta. Nilikijaza mbegu, vizuri sana, nukta baada ya nukta, na kijana akaondoka akikimbia.

Nilijua nilipokuwa nairudisha raportere kisandukuni. Niliona namba juu yake: mia nne. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama. Kila kipande kilikuwa kimepoteza sehemu moja ya kumi, na sehemu hizo zote zilikuwa zimekwenda kwa Mengineyo. Ilikuwa imeandikwa asilimia nane, na ilikuwa imekaa juu ya kumi na saba. Ilikuwa kubwa kuliko wizi. Ilikuwa kubwa kuliko kuvunjika njiani. Nilitoka barazani nikatazama barabara. Kijana hakuonekana tena.

Mzee alirudi alasiri na matone ya macho.

"Ulichora?"

"Moja, papa."

"Ilienda?"

"Ilienda."

Aliandika elfu moja themanini na moja, samaki, vipande vitano.

Wiki mbili baadaye kijana wa tai alirudi, nami nikadhani ameleta kosa langu, lakini alikuja na pakiti ya biskuti. Alikuwa ametetea kazi yake, na akapewa alama nzuri. Mwalimu mmoja tu alikuwa amemuuliza swali kuhusu duara: hayo Mengineyo ni nini, mbona ni makubwa hivi? Naye akajibu kwamba katika biashara ya samaki kuna mambo mengi ambayo muuzaji hawezi kuyajua, na mtafiti mwenye unyenyekevu lazima ayaachie nafasi. Walimpigia makofi. Mzee alisikiliza habari hiyo akila biskuti.

"Unaona?" akaniambia. "Hata moja."

Nikanoa penseli.

Baada ya hapo niliamua mara nyingi kumwambia. Niliamua kila Jumatatu. Lakini alikuwa mtu mgumu kuambiwa jambo, si kwa ukali, bali kwa kuwa aliamini upesi. Ukimwambia bei, aliamini. Ukimwambia unaumwa tumbo, alikutafutia dawa. Saa yake ya mkono ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini na kila mtu alijua, lakini aliyemwambia saa, hata mtoto, aliaminiwa, na saa ikabaki ilivyo. Mtu aliyepima kila kitu mara mbili hakuwahi kumpima binadamu hata mara moja. Mimi nilikuwa kinyume chake: watu wote niliwapima, na siku niliyotakiwa kupima kipande kimoja, nikaamini.

Macho yake yalizidi kuingia ukungu. Alimaliza namba elfu moja mia nne na arobaini, mzunguko wa nne, mimi nikimsomea alama za raportere kwa sauti. Akanywa Fanta yake. Akafunga daftari, akasema inatosha, na mwanawe akaja na taksi kumhamishia mtaa wa Ruashi, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe chumba baada ya chumba. Mama wa fotokopi alilia, kisha akakasirika kwamba analia. Meza aliniachia mimi, kwa kuninyooshea kidole tu. Vifaa alivichukua.

Miezi mitatu baadaye alimtuma mwanawe kwangu: niende Jumapili, baada ya misa, kuna kitu chake anataka kunipa. Nilijua ni kisanduku cha mbao. Nilijua pia kwamba nikikipokea bila kusema, sitaweza kukifungua kamwe. Juma lote hilo nilimtafuta kijana wa tai kwa simu. Nilimwandikia yote. Alijibu kwamba ananishukuru, lakini alama zake zilikuwa nzuri, ana kazi huko Likasi, na tafadhali tuache samaki walale. Hata hivyo alinitumia picha ya ukurasa. Niliichapisha kwa Mama wa fotokopi, nikaipima kwa digrii, kwa raportere niliyojinunulia, kipande baada ya kipande. Nikapima na cha mwisho. Sitini na mbili, karibu. Ilipaswa kuwa ishirini na tisa, kasoro kidogo.

Ruashi siku hiyo vumbi la malori ya mgodi lilikuwa limetanda juu ya majani na juu ya nguo zilizoanikwa. Nilimkuta mzee kwenye kiti cha plastiki, kando ya ukuta usiopigwa lipu bado. Kisanduku kilikuwa magotini mwake, na daftari juu ya kisanduku.

"Ni nani?"

"Ni miye, papa."

"Ah, mama. Kaa. Umekula?"

"Bado."

"Batakuletea. Kwanza kuya hapa karibu. Miye hii kintu sione tena alama zake. We mukono yako ni safi. Miaka hii yote, hakuna hata moja—"

"Moja ilipaswa irudi, papa."

Niliisema haraka, kama mtu anayetema. Kisha nikasema yote: chuma, tatu nukta sita, robo iliyolala, Mengineyo, mbegu, biskuti. Nilimwekea karatasi mkononi, ingawa hakuweza kuiona. Aliishika. Lori moja lilipita, kisha la pili. Mke wa mwanawe alileta maji, akatutazama, akarudi ndani.

"Ile ya samaki," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Miye nilisaini."

"Ndiyo, papa. Ni juu ya sahihi yako njo nilikuwa nashindwa kusema."

"Mwenye duara ulimuambia?"

"Nilimuandikia. Anasema alama yake ilikuwa nzuri, tuache."

"Duara haina alama," akasema. "Ulipima ile ya mwisho?"

"Siku ile, hapana. Niliogopa."

"Mademoiselle," akasema.

Halafu akapapasa daftari, akaligeuza, akalifungua kwa nyuma. Vidole vyake vilijua ukurasa. Alinipa kalamu ya wino aliyokuwa nayo mfukoni, siku ya Jumapili, kipofu nusu.

"Andika. Namba."

Niliandika elfu moja themanini na moja.

"Kichwa. Kosa." Nikaandika samaki, nikaandika digrii kwa raportere ya gradi, kipande cha mwisho hakikupimwa. Ikabaki safu ya nne.

"Sahihi," akasema.

"Nikuwekee herufi zako?"

"Yangu ya nini? Ni miye nilichora?"

Niliweka jina langu. Herufi ya kwanza ikapita mstari. Sikufuta, wino haufutiki. Mzee aliinamia ukurasa mpaka pua ikakaribia kugusa, akaona weusi pale ambapo kwa miaka yote aliona weupe.

"Moja kwa elfu moja mia ine na makumi ine," akasema. "Ni digrii ngapi?"

Nilihesabu. Nikarudia.

"Robo ya digrii, papa."

"Kwa raportere inaonekana?"

"Haionekani. Hakuna alama yake."

"Penseli yenyewe iko munene kuliko kosa yako." Alifikiri. "Lakini chora."

Alikuwa na kompa ya kuchorea duara kisandukuni. Nilichora duara nyuma ya karatasi ya samaki. Nikavuta mstari kutoka katikati mpaka juu, pale saa sita.

"Sasa wa pili."

"Wa pili utaanguka juu ya wa kwanza, papa. Ni mustari moja."

"Minajua. Uvute."

Niliuvuta. Ulianguka juu ya wa kwanza. Ulikuwa mweusi zaidi kidogo, basi.

Kisha alifunga kisanduku cha mbao, raportere ya chuma ikiwa ndani, na kukiweka chini ya kiti chake, taratibu, akihakikisha kwa kidole kwamba kimefika. Kutoka mfuko wa shati alitoa ile ya plastiki, iliyopasuka ukingoni, akaipangusa vumbi kwa paja.

"Ile ingine itakudanganya tena," akasema. "Chukua hii. Na mbele ya kwenda, mama, kipande ya mwisho haujapima."

Nikaiweka juu ya duara, nikapima kilichobaki, duara zima kasoro robo ya digrii.